UZI: Breki za magari ya misuli ya Kimarekani ya miaka ya 60 na 70. Tafuta kwanza presha inapotelea, ndipo ununue disiki

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Swali ninaloulizwa kuliko yote gereji, na kwenye simu za ndugu zetu walio majimbo mengine huku Marekani, ni hili: "Fundi, nimeng'oa ngoma za mbele za Chevelle yangu, nimefunga disiki na busta mpya (chombo kinachousaidia mguu kusukuma breki), hela imekwenda, na sasa gari linasimama vibaya kuliko zamani." Nimelisikia kwa wenye Camaro, kwa wenye Nova, kwa wenye Mustang. Nataka tulimalize hapa, kwa sababu gari lenye injini ya V8 na breki za kubahatisha linaua, na mara nyingi halimuui aliyelifunga vibaya. Linamgonga aliyesimama kwenye taa mbele yake.

Tuanzie kwenye asili ya tatizo. Pontiac GTO ya 1964 ilitoka na injini ya inchi za ujazo 389 na nguvu farasi 325 kwenda juu. Kusimama ilisimama kwa ngoma za inchi 9.5 magurudumu yote manne, zilezile za gari la familia lililozaa GTO. Hadithi hiyo ilijirudia kwa kampuni nyingi: injini iliongezwa mwaka hadi mwaka, breki zikafuata kwa mbali. Kwenye Chevelle na ndugu zake wa GM (General Motors), disiki za mbele zilianza kupatikana kwa kuagiza mwaka 1967. Ukikuta gari lako lina ngoma kote, usidhani mtu alizibadilisha. Huenda lilitoka hivyo kiwandani.

Chukua gari la kilo 1,700 likiwa kwenye kilomita 110 kwa saa. Lina nishati ya karibu kilojuli 800, na yote hiyo breki inatakiwa kuigeuza joto. Likiwa kwenye 55 ni robo yake tu, kilojuli 200. Ndiyo maana mtu anazunguka mtaani mwaka mzima akisema breki ni nzuri, halafu siku anapoingia barabara kuu anakuta pedali imeshuka. Ngoma ikipata moto inatanuka, na inatanuka kwa kuzikimbia brekishuu, vile vipande vinavyoisugua kwa ndani, kwa hiyo mguu unazidi kwenda chini. Disiki ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye brekipedi zinazoibana pande mbili, na iko wazi kwa upepo. Faida ya disiki iko hapo hasa. Kwa kusimama mara moja, breki zikiwa baridi, ngoma nzuri zilizorekebishwa sawasawa zinaweza kufunga magurudumu vilevile.

Msimamo wangu: usinunue chochote kabla hujajua presha inapotelea wapi. Pedali yenyewe itakwambia, ukijua kuisikiliza.

Pedali ikizama polepole ukiwa umeshikilia kwenye taa, na oili ya breki haipungui kwenye kopo lake, raba za ndani ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) zimechoka, presha inapita pembeni ya pistoni. Oili ikipungua, kuna mahali inavuja: kagua nyuma ya ngoma, fungua mfuniko wa raba wa kila silinda ya gurudumu, na angalia ukuta wa injini chini ya masta, au ndani ya busta kama unayo, kwa sababu masta iliyochoka upande wa nyuma humwaga humo na wewe hutaona tone chini ya gari.

Pedali ikiwa laini na ukipampu inapanda, una upepo kwenye mfumo. Ikiwa iko chini lakini ukiifikia ni imara, usiguse masta: nenda kwenye ngoma za nyuma, hazijakazwa. Zile breki zina kirekebishi chenye meno ambacho kinatakiwa kujikaza gari linaporudi nyuma na kufunga breki, ila kikishika kutu hakijikazi tena. Kwa uzoefu wangu nusu ya "masta mbovu" zinazoletwa hapa ni ngoma zisizorekebishwa.

Ukiwa huko huko nyuma, hakikisha aliyetangulia hakuchanganya brekishuu. Yenye kitambaa kifupi inakaa upande wa mbele wa gari, yenye kitambaa kirefu upande wa nyuma. Kuna magari yameendeshwa miaka zikiwa kinyume. Na tafadhali, ule unga ndani ya ngoma usiupulize kwa kompresa. Vitambaa vya enzi hizo vilikuwa na asbesto, na unga wake ukiingia kwenye mapafu hautoki. Loanisha kwanza, futa kwa tambara, litupe.

Pedali ngumu nitaieleza akija mwenye tatizo hilo, maana ina mambo mengi. Karibuni.

#2 Mdau wa Dar

Naweka kambi hapa mkuu. Huku hatuna Chevelle ila Land Cruiser za zamani zenye ngoma tunazo, na hilo la pedali kupanda ukipampu nalijua vizuri sana.

#3 Mdau wa Columbus

Fundi, shikamoo. Mimi nina Camaro ya 1968. Nimefunga disiki za mbele mwenyewe kwenye banda la nyumbani. Nimetoa upepo mpaka nimemaliza chupa za oili, mke wangu amekanyaga pedali mpaka amekataa kurudi, na bado pedali ni laini. Masta ni mpya, hozi mpya, kalipa mpya. Hakuna panapovuja. Nifanye nini?

#4 Mleta uzi

Marahaba, kaka. Mpe pole shemeji.

Kabla ya yote nenda kaangalie kalipa zako, zile zinazobana brekipedi kwenye disiki. Skrubu ya kutolea upepo iko juu au iko chini? Kalipa ya kushoto na ya kulia zinafanana sana, na zikibadilishana pande zinaingia bila shida yoyote. Tofauti ni kwamba skrubu inageukia chini. Upepo unakaa juu, kwa hiyo utamwaga oili safi mpaka kesho na kile kiputo kitabaki palepale. Nimewahi kumuuliza mtu swali hili kwa simu akanyamaza, nikajua tumepata.

Kama ziko sawa, swali la pili: masta uliitoa upepo kwenye vaisi (jiliwa) kabla ya kuifunga? Masta mpya lazima ijazwe oili ikiwa imelala usawa, uisukume taratibu kwa bisibisi huku vipaipu vikirudisha oili ndani ya kopo, mpaka viputo viishe kabisa. Ndani ya gari imeinama, na upepo unajificha mbele ya pistoni.

La tatu, bila kukanyaga pedali, shika gurudumu la mbele likiwa hewani na ulitikise. Likicheza, beringi zimelegea, na disiki inayoyumba inazirudisha brekipedi nyuma kila ukikata kona. Mkanyago wa kwanza unaenda chini, wa pili unapanda, na utasingizia upepo. Beringi za mbele za magari haya unazikaza ukizungusha gurudumu, kwa futi-pauni 12 hivi zikae mahali pake, halafu unalegeza na kurudisha nati kwa vidole tu kabla ya kupitisha pini.

Na ngoma za nyuma umezirekebisha?

#5 Mdau wa Columbus

Niko kazini, nikitoka naingia chini ya gari. Nahisi najua utakachosema.

#6 Mdau wa Houston

Mimi ndiye mwenye pedali ngumu. Nova ya 1970, injini nimeipandisha kamshafti kubwa (shafti inayofungua vali za injini), ikisimama inatikisika nyumba nzima. Nimefunga disiki mbele pamoja na busta ndogo ya inchi 7 na masta ya inchi 1⅛ vilivyokuja kwenye boksi moja. Pedali ni ukuta. Natumia nguvu zote za mguu na gari linaendelea kwenda. Aliyeniuzia anasema niende gym.

#7 Mleta uzi

Kaka, huyo usimrudie, na gari lisitoke nje ya geti mpaka tulimalize hili.

Tupige hesabu, maana breki za oili ni hesabu tupu. Mguu wa mtu akishtuka unaweka kama pauni 100. Pedali ni mtaimbo: kwa gari lisilo na busta, GM walitumia uwiano wa karibu 6 kwa 1, kwa hiyo fimbo inasukuma masta kwa pauni 600. Presha ni nguvu hiyo ukiigawa kwa eneo la pistoni. Masta yenye pistoni ya kipenyo cha inchi 1 ina eneo la inchi mraba 0.785, unapata psi 764 (pauni kwa kila inchi mraba). Ya inchi 1⅛ ina 0.994, unapata 604. Ya inchi ⅞ ina 0.601, unapata karibu 1,000. Mguu ni uleule! Ukiwahi kusukuma maji kwa bomba la sindano jembamba na nene unajua jambo hili tayari: jembamba linarusha mbali, ila dole gumba linasafiri sana. Masta nyembamba inakupa presha kubwa na mwendo mrefu wa pedali, nene inakupa pedali fupi na presha ndogo.

Sasa, disiki hazina tabia ya kujisaidia kama ngoma, ambazo zikishaanza kushika zinavutwa na mzunguko zishike zaidi. Disiki za kalipa ya pistoni moja zinataka kitu kama psi 900 mpaka 1,000 kwa kusimama kwa nguvu.

Angalia gari lako. Ukifunga busta, fimbo inatakiwa kwenda tundu la chini la pedali, maana pedali za GM nyingi za kizazi hiki zina matundu mawili, la juu kwa gari lisilo na busta na la chini kwa lenye busta. Tundu la chini lina uwiano wa karibu 4 kwa 1. Busta ikifanya kazi, hakuna tatizo. Busta isipofanya kazi: pauni 100 mara 4 ni 400, gawa kwa 0.994, unapata psi 402. Huo ndio ukuta wako. Wala mguu wako hauna kosa.

Na busta yako haifanyi kazi kwa sababu ya ile kamshafti. Busta inaishi kwa mvuto wa hewa wa injini. Injini ya kawaida ikiwa ailozi, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, inavuta inchi 18 hadi 20 za zebaki, ambazo ndizo kipimo cha mvuto. Kamshafti kali inaweza kukuacha na 10 au 12, na busta inataka 16 na zaidi. Funga geji kwenye paipu ya busta uone mwenyewe. Kisha jaribio la pili: zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie, washa. Busta nzima huifanya pedali ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, ama mvuto hautoshi, ama paipu inavuja, ama busta imekufa.

Ukikuta mvuto hautoshi una njia tatu ninazoziamini. Ya kwanza ni pampu ya umeme ya kuvuta hewa, yenye swichi yake. Ya pili ni hidrobusta, ambayo inatumia presha ya pampu ya pawa stiringi badala ya hewa. Ni kazi zaidi na paipu zaidi, lakini kamshafti haiigusi kabisa. Ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa gari jepesi kama Nova: toa busta, rudisha fimbo tundu la juu, weka masta ya inchi 1 au ⅞. Inasimama vizuri na haina kitu cha kuharibika. Tangi la akiba ya hewa watu wanaliuza sana, lakini tangi halitengenezi mvuto, linatunza uliopo. Ukiwa na 10 litatunza 10.

Onyo moja kwa anayetoa busta: masta ya gari lenye busta mara nyingi ina tundu fupi mwishoni mwa pistoni, ya gari lisilo na busta ina tundu refu linaloishika fimbo. Ukifunga yenye tundu fupi kwenye gari lisilo na busta, fimbo inaweza kuchomoka pedali ikirudi juu. Siku hiyo hutakuwa na breki yoyote. Angalia hilo kwa macho yako kabla ya kukaza nati.

#8 Mdau wa Houston

Geji inasoma 11. Asante sana fundi. Nimeona na matundu mawili kwenye pedali, sikuwahi kujua ni ya nini. Natoa busta.

#9 Mdau wa Muscat

Assalaam alaykum. Huku Oman magari ya Kimarekani ya zamani yapo na yanapendwa. Mimi nina Chevelle ya 1971 yenye disiki na busta za kiwandani. Tatizo: nikitoka nyumbani iko sawa, baada ya dakika ishirini breki za mbele zinajikamata, gari linakuwa zito, marimu yanaunguza mkono. Nikiliacha lipoe linajiachia. Fundi wa hapa amenibadilishia masta mara moja na tatizo limerudi vilevile.

#10 Mleta uzi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usibadilishe kitu tena. Tatizo lako linapimika kwa spana moja.

Subiri zijikamate. Inua mbele kwenye stendi, si jeki peke yake. Magurudumu yakiwa bado yamekamata, legeza kidogo nati mbili zinazoshikilia masta kwenye busta, masta isogee mbele milimita moja au mbili. Magurudumu yakiachia, fimbo ya busta ni ndefu mno. Haiiruhusu pistoni kurudi mpaka mwisho, kwa hiyo kile kitundu kidogo cha kurudishia oili kwenye kopo kimezibwa. Oili ikipata moto inatanuka, haina pa kwenda, na breki zinajikaza zenyewe. Masta mpya na fimbo ileile, lazima tatizo lirudi. Nafasi kati ya fimbo na pistoni iwe karibu nusu milimita.

Yasipoachia, kaza masta, halafu fungua paipu ya mbele pale inapotoka kwenye masta. Yakiachia hapo, masta yenyewe inashikilia presha. Yasipoachia, nenda kwenye gurudumu, fungua paipu ya chuma inapoingia kwenye hozi ya raba. Bado? Fungua skrubu ya kalipa. Ikirusha oili na gurudumu likawa huru, hozi imevimba ndani. Kwa nje inang'aa, kwa ndani imefunga njia: mguu wako una nguvu ya kusukuma oili ipite, lakini kalipa haina nguvu ya kuirudisha. Hozi moja ikivimba gari huvuta upande mmoja. Na kama hata skrubu haikusaidia, ni kalipa au pini zake ndizo zilizokwama kwa kutu.

Kwa joto na unyevu wa kwenu, oili ibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya lazima ihimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, ikishanyonya unyevu kiwango chake ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mimi ningeweka DOT 4. DOT 5 ya silikoni hainyonyi maji wala hailambi rangi, wenye magari ya maonyesho wanaipenda, lakini usiichanganye na nyingine kamwe. Ukitaka kuhamia huko, mfumo mzima usafishwe na raba zote ziwe mpya.

#11 Mdau wa Minneapolis

Mkuu, naomba nipingane na wewe na wenzako kidogo. Nina GTO ya 1966, ngoma kote, na sina mpango wa disiki. Gari ni la Jumapili. Mnawafanya watu waharibu magari halisi.

#12 Mleta uzi

Sikupingi, kaka. Ngoma zako zikikatwa vizuri na kurekebishwa zinatosha kwa Jumapili, ilimradi usishuke nazo milima ya Colorado kwa mwendo.

Ila kuna kitu kimoja kwenye GTO yako nisingelala nikikiacha. Masta ya 1966 ina chumba kimoja tu kwa magurudumu yote manne. Hozi moja ikipasuka, au paipu moja ya nyuma ikitoboka kwa ile chumvi mnayomwagiwa barabarani huko Minnesota, pedali inagonga sakafu na umebaki na breki ya maegesho. Kuanzia modeli za 1967 GM walihamia masta ya vyumba viwili, mbele na nyuma mbali mbali. Kuifunga kwenye gari la 1966 kunataka masta, kigawio (kiungo kinachogawa oili kwenda mbele na nyuma), na paipu chache. Ngoma zinabaki, sura ya gari inabaki. Ningemshauri kila mwenye gari la kabla ya 1967 aanze na hilo kabla hajafikiria disiki, hata kama hela anayo.

Paipu ziwe za chuma au za aloi ya shaba na nikeli, ambayo inakunjika kwa mkono na haishiki kutu. Shaba tupu hapana. Midomo ya ncha zake ipanuliwe na kukunjwa mara mbili (double flare), na vile viungo vya kubana vya mabomba ya maji visikaribie breki.

#13 Mdau wa Minneapolis

Hilo nimelikubali. Naagiza masta wiki hii.

#14 Mdau wa Columbus

Nimerudi. Skrubu zote mbili zilikuwa chini! Nimebadilishana kalipa, nimetoa upepo, nimekaza ngoma za nyuma, pedali iko juu na imara. Ila leo kwenye mvua nimekanyaga kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yakafunga kwanza, mkia ukaanza kuja mbele. Vali ni ileile ya ngoma.

#15 Mleta uzi

Hongera, na ni vizuri umesema, maana hapa ndipo watu wengi huacha kazi wakidhani imeisha.

Kigawio cha gari la ngoma nne kinapeleka presha ileile mbele na nyuma. Disiki zinataka presha kubwa kuliko ngoma, na gari likisimama uzito unahamia mbele, kwa hiyo nyuma inabaki nyepesi na inafunga upesi. Weka vali ya pamoja ya disiki na ngoma. Ndani yake ina sehemu inayochelewesha disiki kidogo mpaka springi za ngoma zishindwe, sehemu inayopunguza presha ya nyuma ukikanyaga kwa nguvu, na swichi ya taa ya onyo. Kama matairi yako ya nyuma ni mapana kuliko ya kiwandani, chukua vali ya kurekebisha kwa mkono, uifunge kwenye paipu ya nyuma peke yake.

Rekebisha mahali patupu, lami iliyolowa, mwendo wa kilomita 50, mtu mwingine akiwa nje anaangalia magurudumu. Mbele ifunge kabla ya nyuma kidogo tu. Ukipunguza nyuma kupita kiasi, disiki za mbele zitafanya kazi yote peke yake na utasimama mbali zaidi.

Na kwenye masta yako hakikisha chumba kikubwa ndicho kinacholisha disiki, kwa sababu brekipedi zikiisha pistoni za kalipa zinatoka nje na kuteka oili nyingi. Kama masta ni ya ngoma nne, upande wa disiki unaweza kuwa na vali ndogo inayobakiza psi 10 kwa ajili ya ngoma. Hiyo itazifanya disiki zisugue muda wote. Itoe, au nunua masta sahihi.

Brekipedi mpya uzizoeze: kutoka kilomita 50 shuka hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa ukiacha nafasi zipoe, halafu endesha bila breki dakika chache. Usisimame ukiwa umekanyaga zikiwa za moto, zitaacha alama kwenye disiki na usukani utatetema. Ukishafunga vali, leta majibu hapa, na upime mwendo wa pedali tena, kwa sababu mfumo ukiufungua utahitaji kuutoa upepo upya, ukianza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na masta.